Dishi Linajitafutia Setilaiti, Mahali pa Kuliweka Tafuta Wewe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kwale aliniandikia: "Fundi, nataka kuingia kwenye kazi ya intaneti ya setilaiti lakini watu wananiambia nimechelewa. Madishi ya siku hizi yanajitega yenyewe. Bado kuna hela?" Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa usoni na tajiri mmoja wa hoteli upande wa Watamu, na hayajanitoka rohoni.

Mimi nimekulia kwenye VSAT, yaani intaneti ya setilaiti ya zamani, ya dishi la bakuli. Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, benki, hoteli na mashirika ya misaada yaliyotaka intaneti ya maana yalikuwa na dishi la mita 1.2 au 1.8 uani. Setilaiti yake imekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, inazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama haiondoki. Kazi yote ilikuwa kulenga. Unalegeza nati, unasukuma dishi kidogo sana, unatazama mita ya kupima mawimbi, unakaza. Ukishakaza mita inashuka, unaanza upya. Ukikosea digrii moja tu, mawimbi yameporomoka. Jua la Malindi liko mgongoni na mteja amesimama nyuma yako anauliza, "bado?" Najisifu na nina haki: nilikuwa na mkono. Makampuni yaliniita hadi Lamu.

Hata ukilenga vizuri namna gani, umbali ule haukwepeki. Swali kwenda na jibu kurudi vilikula zaidi ya nusu sekunde, na kwenye simu za video watu walikuwa wanakatizana maneno tu.

Basi Julai 2023 Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, ikaanza Kenya, na lile dishi bapa likaja. Ndani yake hamna bakuli la kukusanya mawimbi. Kuna ubao wa saketi uliojaa antena ndogondogo mamia kwa mamia, moja na mwenzake zimeachana kama sentimita moja na kitu. Kipimo hicho hakikuja hivihivi. Mawimbi linayopokea ni ya gigahezi 10.7 hadi 12.7, wimbi moja lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na antena zinatakiwa ziachane karibu nusu ya hapo.

Wateja huwa nawaeleza hivi. Wapange watu mstari mmoja majini, wote wapige maji kwa kiganja kwa pamoja: wimbi litakwenda mbele moja kwa moja. Wa kushoto akitangulia kidogo, wa pili akafuata, wa tatu akafuata, wimbi linaondoka limepinda kulia, na hakuna aliyehama aliposimama. Chipu zilizo nyuma ya zile antena zinafanya hivyo hivyo. Zinaichelewesha hii, zinaiwahisha ile, na mwale mzima unageuka bila kitu kutikisika. Lazima ugeuke, maana setilaiti hizi ziko juu kilomita 550 hivi tu, zinamaliza kuizunguka dunia kwa dakika kama 95, na kila sekunde 15 dishi linapangiwa upya setilaiti ya kuongea nayo. Mkono wangu, pamoja na sifa zake zote, haungeyaweza hayo.

Ndipo yule tajiri akaniambia, mbele ya wafanyakazi wake, "Fundi, zama zenu zimeisha. Hii hata mtunza bustani anaiweka." Nilikuwa nimemwomba pesa ya ukaguzi wa mahali, si nyingi. Akanipa nauli. Mtunza bustani akalifunga dishi kwenye paa la makuti, katikati ya minazi, na kusema kweli likashika.

Ya katikati nayaruka. Siku moja napigiwa simu: mtandao asubuhi safi, mchana unakatika, wageni wanalalamika, njoo. Nikaenda.

Sikupanda hata ngazi. Nilifungua programu ya dishi kwenye simu ya meneja nikatazama ramani ya vizuizi. Ni picha ya anga kama kuba, nayo hujijaza yenyewe kwa saa kadhaa kadiri setilaiti zinavyopita. Palipo wazi panaonyeshwa hivyo, palipozibwa panakuwa pekundu. Upande wa kusini kulikuwa na michirizi myekundu imechanuka kama vidole. Makuti ya mnazi! Asubuhi upepo umetulia, yananing'inia pembeni. Mchana kusi ikivuma, yanaingia kwenye njia na kutoka, yanaingia na kutoka, na kila yakiingia simu ya mgeni inaganda.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Kwetu sisi wa ikweta, mkanda wa zile setilaiti za juu, za VSAT, unapita karibu na utosi, mashariki hadi magharibi. Kanuni za kimataifa za mawimbi zinazitaka setilaiti za chini zisizivuruge za juu, kwa hiyo ukanda ule wa anga unaepukwa. Dishi linategemea zaidi pembeni, kaskazini au kusini. Mtu anasimama uwanjani, anainua kichwa, anaona kweupe, anasema hapa panafaa, na mnazi uko kusini unamsubiri.

Tuliliondoa pale tukalipandisha kwenye mnara wa tangi la maji, na kukatika kukaisha. Je, aliniomba radhi? Aliomba apunguziwe bei.

Kwa hiyo, kijana wa Kwale, nawe mwenye ndoto kama yake au ya kuuza Wi-Fi kijijini, nisikilize. Mtambo unajua kutafuta, haujui kuhama. Tazama anga kwanza. Kabla hujatoboa ukuta, tazama anga. Mteja akikuharakisha, mwambie asubiri, utazame anga. Mwembe wa leo mwakani utakuwa umeongeza matawi, hilo nalo litazame.

Kisha uliza umeme. Dishi la kawaida la sasa linakula wastani wa wati 75 hadi 100 likifanya kazi, na hata kama hakuna anayetumia, bado linakula umeme. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa wati-saa 600. Dishi likifanya kazi, hizo ni za muda wa saa sita hadi nane tu. Mwambie mteja ukweli huo kabla hajanunua sola ya kuwashia taa. Lile dogo la Mini linakula wati 25 hadi 40, na kwa nyumba isiyo na stima mara nyingi ndilo linalofaa. Mvua kubwa ya masika italikatiza kwa muda, usiahidi vinginevyo. Na huku pwani plagi ya waya usiiache wazi kwa chumvi hata usiku mmoja.

Nanyi wateja, mkiwadharau mafundi mtawaita tena, na kwa bei ya dharura. Nawe fundi usijidharau ukafanya ukaguzi bure. Kwenye risiti andika mistari mitatu mbalimbali: ukaguzi wa mahali, nguzo na waya, ufundi. Mteja akiufuta ule wa kwanza, mwachie namba yako kisha uende zako.