Tezi ya shingo: maswali yenu kabla ya kutoa damu

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kuhusu thairoidi, yaani tezi ya shingo, nikapita. Kumbe nilichokoza. Barua za wiki hizi tatu ni shingo, shingo, shingo. Najibu nane leo. Nakumbusha kwamba mimi ni mtu wa maabara, nimezeeka nikifunga watu mpira mkononi na kutafuta mshipa. Daktari wako ni yule aliyekuandikia kipimo, si mimi.

Nimeandikiwa kipimo cha tezi. Mume wangu anacheka, anasema tezi ni ugonjwa wa wazee wa kiume. Je, daktari amekosea? (Kibaha)

Mwambie shemeji acheke taratibu. Anayoisema yeye ni tezi dume, iko chini ya kibofu na ni ya wanaume peke yao. Yako iko mbele ya koo, ina umbo kama la kipepeo, na baadhi ya vitabu vyetu huiita dundumio. Kila mtu anayo, ila inawasumbua wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume. Hutoa homoni zinazoitwa T4 na T3, na hizo ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, joto, choo, hedhi, hata usingizi.

Karatasini utaona pia herufi TSH. Hiyo haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ni kama msimamizi wa shamba. Vibarua wakilegea, msimamizi hupaza sauti. Wakizidisha kasi, hunyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake tezi ya shingo imelegea, na ikiwa chini kabisa, kwa kawaida tezi imepitiliza. Nimeona watu wengi wakisoma kinyume, wanatoka dirishani wakishangilia kitu cha kusikitikia.

Kesho asubuhi natoa damu. Nifunge? Hata maji nisinywe? (Morogoro)

Kunywa maji, tena ya kutosha, mshipa utaonekana na hutachomwa mara tatu. Kwa kipimo cha thairoidi peke yake hakuna haja ya kukaa na njaa. Ila angalia fomu yako: mara nyingi daktari huongeza sukari au mafuta ya damu humo humo, na hivyo huenda vikataka ufunge usiku kucha. Uliza mapokezi jioni ya leo.

Kilicho muhimu zaidi ni saa. TSH hupanda usiku na kushuka kuelekea mchana. Ukipima saa mbili asubuhi mara hii, halafu saa tisa alasiri miezi mitatu baadaye, unalinganisha embe na chungwa. Chagua asubuhi, ubaki nayo, na ukiweza ubaki na maabara ile ile.

Na kama umetoka kuugua sana juzi, nimonia kwa mfano, au umelazwa, mwambie daktari. Mwili mgonjwa huvuruga namba hizi hata kama tezi ni nzima, na wengi hushauriwa kusubiri wiki kadhaa wapone kwanza.

Vipimo vyangu vilionyesha tezi inafanya kazi kupita kiasi, lakini sina dalili hata moja. Natumia vidonge vya nywele na kucha tu. Vinahusika? (Nairobi)

Dada yangu, umetaja mwenyewe mshukiwa namba moja. Geuza hicho kichupa usome. Ukikuta neno biotini, tuongee.

Biotini ni vitamini, na mwili wa mtu mzima unahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge vya saluni na mitandaoni huja na 5,000, vingine 10,000. Haikudhuru wewe, inadanganya mashine. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini kama gundi ya kunasia homoni ndani ya kifaa. Damu ikija imejaa biotini yake, gundi inavurugika, na mashine inasoma TSH ndogo kuliko ilivyo na T4 kubwa kuliko ilivyo. Ni picha ile ile ya tezi iliyopitiliza. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017, kwa sababu halivurugi thairoidi peke yake. Hata baadhi ya vipimo vya moyo huguswa.

Acha vidonge hivyo siku 2 kamili kabla ya kupima, na kama dozi yako ni kubwa sana uliza maabara wanataka siku ngapi. Kisha rudia. Usikubali kuanza dawa ya kushusha tezi kabla daktari hajajua habari ya kichupa hicho. Na sisi wa madirishani tuna lawama yetu: tunauliza "unatumia dawa yoyote?", mtu anajibu hapana kwa moyo mweupe, maana kwake hiyo ni ya urembo, siyo dawa.

Natumia levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, mwaka wa pili. Siku ya kipimo nimeze au nisimeze? Na Ramadhani nifanyeje? (Unguja)

Usimeze kwanza. Tia kidonge mkobani, toa damu, kisha umeze kwa maji matupu. Kidonge cha asubuhi hakiibadilishi TSH ya siku hiyo, lakini huinua T4 kwa saa kadhaa, na daktari anaweza kudhani dozi imezidi. Baada ya kumeza subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Hasa chai ya maziwa na kahawa, hizo huzuia dawa isiingie vizuri. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye madini viwe mbali na hiki kwa saa 4.

Ramadhani wengi hufuata moja kati ya njia mbili. Kuna wanaomeza usiku kabla ya kulala, angalau saa 3 baada ya kula mara ya mwisho, na kuna wanaoamka mapema, wakameza, wakasubiri nusu saa au zaidi ndipo wakala daku. Ya kwanza ni ngumu kwetu ambao tukishafuturu mdomo haupumziki hadi usiku wa manane. Panga na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, na ukianza njia moja usihamehame. Kipimo cha kuangalia dozi nacho kikiweza kusubiri wiki kadhaa baada ya Idi, bora, maana ratiba ya kidonge inakuwa imerudi mahali pake.

Dozi ikibadilishwa, TSH huchukua wiki 6 hadi 8 kutulia. Kupima baada ya wiki mbili ni kuchoma pesa.

Niongeze moja ambalo hukuniuliza. Wapo wanaosahau dawa mwezi mzima, halafu siku nne kabla ya kipimo wanameza kwa bidii ya mtahiniwa. Huonekana. T4 inapanda haraka, TSH inabaki juu, kwa sababu ina kumbukumbu ya wiki nyingi. Daktari asiyejua ukweli ataongeza dozi, na mwezi ukifuata ukimeza kila siku, moyo utakwenda mbio. Sema tu, "Daktari, nilisahau siku nyingi." Hakuna atakayekufunga.

Nilimweleza daktari nachoka, nasikia baridi, nanenepa. Akapima malaria, haikuwepo, akasema ni mawazo. Nilirudi nyumbani nikalia. Nimwambieje ili anisikilize? (Mwanza)

Pole sana. Swali lako nitalikalia kidogo.

Kwanza tazama maneno yenyewe. Katika Kiswahili chetu ukisema "nasikia baridi" hospitalini, kila mtu, kuanzia mlinzi wa geti, anafikiria malaria. Baridi ya malaria huja na kutetemeka, ikapita, ikaja homa. Baridi ya tezi iliyolegea hukaa. Ni ile ya kuvaa sweta Dar es Salaam mwezi Januari wenzako wakijipepea kwa daftari. Kwa hiyo usiseme baridi tu, sema baridi ya namna gani, tangu lini. "Tangu mwezi wa tatu najifunika blanketi mbili, mume wangu analala bila shuka." Sentensi hiyo inafanya kazi ambayo neno "baridi" haliwezi.

"Nachoka" nayo ni hivyo hivyo. Nani hachoki? Mpe kipimo cha maisha yako: mwaka jana ulibeba ndoo mbili toka bombani bila kupumzika, sasa moja unaishusha njiani mara mbili. "Moyo unadunda" pia hugeuzwa haraka kuwa "presha". Kabla hujaenda, hesabu mapigo ukiwa umelala bado, dakika nzima, asubuhi tatu mfululizo, uandike. Hedhi itaje kwa idadi ya pedi na siku, usiseme "inasumbua". Choo ni mara ngapi kwa wiki. Tunaona haya, najua, lakini kukosa choo kwa siku nne ni ushahidi.

Beba kitambulisho chako. Si kwa ajili ya bima tu. Picha ile ya miaka mitano iliyopita, ukiiweka karibu na uso wa leo, inaonyesha kama umevimba au macho yametoka kuliko utakavyoeleza kwa maneno elfu.

Andika tarehe, dawa zote pamoja na za mitishamba, za uzazi wa mpango na za TB. Rifampisini ya TB, kwa mfano, humaliza levothairoksini mwilini haraka, na dozi hulazimika kupanda. Taja kama mama au dada aliwahi kuugua shingo. Na kama una mtoto wa chini ya mwaka mmoja, sema, kwa sababu tezi huweza kuvurugika baada ya kujifungua na watu wakadhani ni uchovu wa kulea.

Ukifika, baada ya salamu: "Daktari, naomba dakika moja nikusomee nilichoandika." Mara chache sana mtu hukataa. Kisha uliza, "Inaweza kuwa tezi ya shingo? Na kama tezi ni nzima, tutafute wapi tena?" Swali la pili ndilo linalookoa, kwa sababu uchovu wako huenda ukawa upungufu wa damu, sukari, au ujauzito. Huenda hata ukawa ni mawazo kweli. Sonona ni ugonjwa nao, na hustahili matibabu. Ninachokataa ni kutajwa kwanza, kabla ya kupimwa kingine chochote zaidi ya malaria, kama mlango wa kukutolea nje.

TSH yangu ni 6.2, T4 iko kawaida. Maabara nyingine wanasema mwisho ni 4, nyingine 5. Nianze dawa? (Eldoret)

Kila maabara ina mashine yake na mipaka yake, kwa hiyo soma namba yako kwa mipaka iliyochapwa kwenye karatasi hiyo hiyo. T4 nayo huandikwa kwa vizio viwili tofauti: 15 kwa pikomoli na 1.2 kwa nanogramu ni karibu kitu kimoja, usishtuke.

Kwa 6.2 na T4 nzuri, madaktari wengi hurudia baada ya miezi 2 au 3 kabla ya kuamua, kwa sababu nyingi za namna hii hushuka zenyewe. Wanaweza kuongeza kipimo cha kingamwili zinazoishambulia tezi. Mambo hubadilika kama una mimba au unaitafuta. Hapo usisubiri miezi 2, rudi wiki hii.

Shingo yangu imevimba miaka mingi, vipimo vya damu vyote sawa. Jirani ananiuzia matone ya madini joto. (Mbeya)

Usinunue. Rovu linaweza kuwa kubwa huku damu ikiwa nzuri kabisa. Kipimo cha damu huonyesha kazi ya tezi, hakionyeshi ukubwa wake. Kwenye milima ya huko kwenu upungufu wa madini joto umevimbisha shingo za vizazi, ndiyo maana chumvi ya dukani huwekewa madini hayo. Tumia hiyo, ifunike, uitie chakula kinapokaribia kuiva. Lakini rovu la miaka mingi lenye vinundu, likimwagiwa madini joto mengi kwa ghafla, linaweza kuamka na kutoa homoni kupita kiasi. Omba upigwe ultrasaundi ya shingo. Na ukianza kukwama chakula, kukosa pumzi ukilala, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, au kinundu kigumu kinachokua haraka, usingoje tarehe ya kliniki.

Natumia kabimazoli, dawa ya kushusha tezi iliyopitiliza, wiki ya tano. Nina homa na koo linauma sana. Ninywe dawa ya mafua? (Arusha)

Huyu nilimjibu siku ile ile, sikungoja zamu. Naiweka hapa kwa wengine wenye kidonge hicho kabatini. Mara chache, kabimazoli hushusha chembe nyeupe za damu hadi mwili ukakosa askari, na dalili ya kwanza huwa hii hii: homa, koo, vidonda mdomoni. Usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali leo, hata kama ni usiku, useme kwa sauti: "Natumia kabimazoli, naomba chembe nyeupe zihesabiwe sasa hivi." Wakikuambia ni mafua, sema tena.