Duka la dawa hulipwaje na NHIF?

Umeuliza kwa nini dawa ipo kabatini lakini mfamasia anasema kwa kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, haitoki. Pole sana, hasa kama ni dawa ya kila mwezi.

Duka halipewi pesa siku unayochukua dawa. Kwanza lazima liwe limesajiliwa na Mfuko. Ukikosa dawa hospitalini, daktari anakujazia fomu ya 2C, unakwenda nayo dukani, wanahakiki kadi, unasaini kwamba umepokea. Duka linakusanya madai na kuyapeleka NHIF, na hapo ndipo kazi ilipo: jina la dawa, dozi, idadi ya vidonge na saini vinapitiwa kimoja kimoja. Fomu yenye kasoro inakatwa malipo, na dawa umeshaimeza.

Jambo la pili ni bei. NHIF hailipi bei iliyobandikwa dukani, inalipa bei ya kitita chake, yaani orodha ya dawa na huduma inazogharamia pamoja na bei zake. Kitita kipya kilipoanza Machi 2024, hospitali binafsi zililalamikia viwango vyake vya malipo. Muuzaji akinunua jumla kwa bei inayokaribia au kuzidi ile ya Mfuko, kila boksi analotoa kwa kadi ni hasara, tena pesa yenyewe anaisubiri.

Kwa hiyo muulize mfamasia waziwazi: dawa haimo kwenye kitita, au ni bei? Kama haimo, rudi kwa daktari akuandikie mbadala uliomo. Kama ni bei, jaribu duka lingine lililosajiliwa kabla hujatoa hela yako mfukoni.