Shokapu za sumaku za Audi TT ya mwaka 2008: zijazwe oili, zibadilishwe, au ziondolewe?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninaishi Isamilo hapa Mwanza na ninaendesha Audi TT ya mwaka 2008 iliyoingizwa nchini kutoka Uingereza, yenye zile shokapu zinazobadilika ugumu kwa kubonyeza kitufe. Limekwisha tembea zaidi ya kilomita 150,000. Likipanda barabara ya mawe kuja nyumbani linagonga mbele, na nikivuka matuta ya barabara ya Musoma linanesa mara kadhaa kabla ya kutulia. Shokapu ya mbele kushoto imelowa oili, na hivi karibuni taa ya njano ya shokapu nayo imewaka kwenye dashibodi. Fundi mmoja anasema ataitoboa hiyo shokapu na kuijaza oili. Mwingine anasema nitupe zote nne na kufunga za Volkswagen Golf za mtumba, kwa kuwa magari hayo ni ya ukoo mmoja. Nimfuate yupi, na je, ni lazima zibadilishwe zote nne kwa pamoja?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Ushauri wa fundi wa kwanza uukatae moja kwa moja. Wa pili ana hoja ndani yake, ila jinsi alivyoieleza inaweza kukuingiza kwenye hasara ya pili. Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, fahamu kwamba dalili ulizozitaja huenda si za ugonjwa mmoja. Kunesa, kugonga na kuwaka kwa taa ni mambo matatu ambayo kila moja linaweza kuwa na chanzo chake, na mtu akiyafunga yote kwenye furushi moja huishia kulipia shokapu nne za gharama kubwa huku mlio ukibaki pale pale.

Shokapu ya kawaida huituliza springi kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo vya pistoni, na ugumu wake huamuliwa kiwandani. Ya kwako haina valvu ya kuzungushwa wala mota ya kuizungusha. Ndani yake kuna mafuta maalumu yaliyochanganywa na chembe laini mno za chuma, na kwenye pistoni kuna koili, yaani waya uliozungushwa unaotengeneza sumaku, inayoletewa umeme kwa waya uliopitishwa katikati ya fimbo ya pistoni. Kompyuta ya shokapu ikipeleka umeme kwenye koili, nguvu ya sumaku huzipanga chembe hizo na yale mafuta huwa mazito papo hapo, kama uji unaogeuka ugali na kurudi kuwa uji pindi umeme unapopungua. Utaratibu huu uliingia sokoni kwa mara ya kwanza kwenye Cadillac Seville ya mwaka 2002, na Audi wakaupa TT ya kizazi cha pili, kama nyongeza ya hiari, tangu mwaka 2006. Neno hilo la hiari ulishike, kwa sababu maana yake ni kwamba TT nyingi za umbo hilo hilo zilitoka kiwandani zikiwa na shokapu za kawaida.

Sasa tazama kasoro inayotokana na ubunifu huo. Chembe za chuma zinasugua. Kadiri miaka inavyokwenda, oili sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) na uso wa fimbo huchakaa, na hapo mafuta huanza kutoka. Kwa gari la umri huu na umbali huo, shokapu iliyolowa kweli kweli, si yenye unyevu mwepesi uliokamata vumbi juu tu, imefikia mwisho wa kazi yake. Ndiyo inayokunesesha kule kwenye matuta.

Taa ya njano ni habari nyingine, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Kompyuta haina macho ya kuona mafuta yaliyopungua. Inachokipima ni njia ya umeme, yaani waya, plagi, koili na vihisishi (sensa) vya urefu wa gari vilivyopo karibu na magurudumu. Shokapu inaweza kuvuja hadi ikabaki tupu na taa isiwake kamwe, maana koili bado ni nzima. Vivyo hivyo taa inaweza kuwaka kwenye gari ambalo shokapu zake zote zimejaa, kwa sababu tu mkono mdogo wa kihisishi umevunjika au plagi imeingia kutu ya kijani. Kwa hiyo gari lisomwe kwanza kwa mashine ya uchunguzi inayoelewa magari ya jamii ya Volkswagen na Audi, si ile ndogo ya kusoma injini peke yake, kwa kuwa hiyo haitaifikia kompyuta ya shokapu. Ikikutajia shokapu fulani, plagi yake ichomolewe na upinzani wa umeme wa koili upimwe kwa mita ya umeme, kisha ulinganishwe na wa shokapu ya upande wa pili wa ekseli hiyo hiyo. Zikitofautiana sana, au moja ikionyesha njia imekatika, koili au waya wa ndani umekufa na shokapu hiyo haina dawa. Zikilingana, fuatilia waya unaokwenda kwenye kompyuta kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Mlio wa kugonga nao usiharakishe kuuhesabu kuwa wa shokapu. Barabara za mawe za mitaa yetu ya milimani hutoa mishtuko midogo, mingi na ya haraka, na mishtuko ya namna hiyo ndiyo inayofichua stabilaiza linki zilizolegea (fimbo fupi zinazoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona), bushi (mpira) ya nyuma ya kontroli amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, na maunti ya juu ya shokapu, yaani kishikizo chake kwenye bodi, pamoja na bearingi yake. Shokapu iliyokwisha huonekana zaidi kwenye tuta kubwa au kwenye kona ya mwendo kasi. Linki ni spea ya bei ndogo na hujaribiwa kwa dakika chache: gari likiwa limesimama kwa uzito wake, mtu mmoja aitikise kwa nguvu huku mwingine ameishika kwa kidole. Mimi ningeanza na hizo. Gari hilo limefika likiwa na umri wake, limekulia kwenye barabara za Uingereza zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo tarajia kutu kwenye bolti za chini, ingawa maji ya ziwa letu hayana chumvi wala hayana hatia katika hilo.

Kuhusu kutoboa na kujaza: shokapu hizi ni za bomba moja, na ndani yake kuna gesi iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Kuitoboa ni kujiweka mbele ya kitu kinachoweza kuruka usoni, na kuikaribia kwa moto wa kuchomelea ni hatari zaidi. Hata fundi akinusurika, oili ya kawaida atakayoijaza haina chembe za chuma, kwa hiyo koili itakuwa inawasha sumaku kwenye mafuta yasiyoisikia. Utabaki na shokapu laini moja, iliyokwisha poteza gesi, ikivuja kwenye oili sili ile ile.

Shokapu za sumaku za mtumba nazo sikushauri. Tatizo la msingi ni uchakavu wa sili na fimbo, na iliyotolewa kwenye gari la umri kama wa lako imesuguliwa kiasi hicho hicho. Muuzaji atakuonyesha kuwa haivuji ikiwa imelala kwenye rafu, jambo ambalo halithibitishi chochote.

Unabakiwa na njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kununua mpya za sumaku. Katika njia hii huhitaji zote nne, lakini usibadilishe moja peke yake. Badilisha jozi ya ekseli moja, kwa maana ya mbele kushoto na mbele kulia. Shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari livute wakati wa kufunga breki na lijibu tofauti kwenye kona ya kushoto na ya kulia. Za nyuma zikiwa kavu, zenye koili nzima, na gari likionyesha tofauti ya wazi unapobonyeza kitufe na kurudia kipande kile kile cha barabara kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ziache ziendelee.

Njia ya pili ni kuuondoa mfumo wa sumaku na kufunga shokapu za kawaida zilizokusudiwa TT isiyo na mfumo huo. Hapa ni zote nne bila mjadala, kwa sababu kompyuta haiwezi kuongoza ekseli moja huku nyingine ikiwa haina waya. Kwa gari linalopanda Isamilo kila siku na kusafiri mara moja moja kwenda Musoma au kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi, siioni njia hii kuwa ya aibu. Ukichagua shokapu mpya za kiwanda chenye jina, utapoteza kitufe na kupata gari linaloweza kutengenezwa hapa hapa mjini. Kama gari hilo ni pambo lako na unakusudia kulihifadhi katika hali yake ya kiwandani, basi subiri fedha zitimie uende na njia ya kwanza.

Ndiyo maana nikasema fundi wa pili ana hoja. TT yako inatumia muundo wa chini unaofanana sana na wa Golf ya kizazi cha tano, na vitu vingi hukubaliana. Lakini kufanana si kulingana. Katika magari ya ukoo huo shokapu ya mbele huingia kwenye tundu la kichwa cha gurudumu (kipande cha chuma kinachobeba gurudumu) lenye kipenyo cha milimita 50 au milimita 55, kutegemea toleo. Ya milimita 50 ikilazimishwa kwenye tundu la 55, bolti haitaibana hata ukaze vipi, na usukani wako utakuwa umeshikiliwa na matumaini. Zaidi ya hayo, urefu na ugumu wa Golf umepangwa kwa gari refu zaidi kwenda juu na lenye mgawanyo mwingine wa uzito. Springi nazo zikaguliwe kama zinakaa sawasawa kwenye kikombe cha shokapu mpya; zisipokaa, ziagizwe pamoja na shokapu kama seti.

Mfumo ukiondolewa, kompyuta itaendelea kuzitafuta koili zake na taa itawaka daima. Wapo wanaofunga rizista (kifaa kidogo cha kuzuia umeme) kwenye plagi ili kuidanganya. Rizista hizo hupata moto, na hazina faida yoyote zaidi ya kuzima taa. Suluhisho safi ni fundi wa umeme mwenye mashine niliyoitaja kuiondoa kompyuta ya shokapu kwenye orodha ya vifaa vya gari na kurekebisha dashibodi isiitarajie, kisha plagi zifungwe vizuri zisiingiwe maji.

Kazi yenyewe ya mbele huwashangaza waliozoea magari mengine, kwa kuwa bolti tatu za juu zimefichwa chini ya plastiki iliyo mbele ya kioo, na ili kuzifikia ni lazima mikono ya waipa itolewe kwanza. Chini, shokapu imebanwa na mpasuo wa kichwa cha gurudumu. Mpasuo huo hupanuliwa kwa kifaa chake maalumu kinachoingizwa na kugeuzwa kidogo. Asiyekuwa nacho huchukua nyundo na patasi, na hapo ndipo vichwa hivyo vya magurudumu hupasuka. Kichwa cha gurudumu kitegemezwe muda wote kisining'inie, la sivyo sivi jointi ya ndani (kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu) inaweza kuchomoka. Springi ifunguliwe kwa kibana springi kilicho kizima, na hapo sitaki utani, maana springi iliyobanwa inaua. Maunti na bearingi za juu ziwe mpya, kwani unazifungua hata hivyo.

Kama utafunga za sumaku, mkataze fundi kutumia mashine ya upepo kwenye nati ya juu ya fimbo, wala asiishike fimbo kwa koleo. Waya umepita humo ndani. Fimbo ikizunguka kwa kasi waya hukatika, na ikikwaruzwa itaila sili mpya mapema. Nimeziona shokapu mpya zikizikwa siku ya kufungwa kwa sababu hiyo moja.

Nyuma ni kazi nyepesi, kwa sababu springi na shokapu zimekaa mbalimbali. Mkono wa chini unaoshika gurudumu utegemezwe kwa jeki kabla ya bolti kutolewa. Juu kuna bolti mbili, chini moja. Bolti ya chini isikazwe gurudumu likiwa linaning'inia. Pandisha mkono kwa jeki hadi urefu ambao gari hukaa barabarani, ndipo uikaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwa sababu bushi iliyokazwa ikiwa imejipinda huchanika baada ya muda mfupi. Bolti ambazo kitabu kinataka zikazwe kwa kipimo kisha zizungushwe kwa digrii kadhaa zaidi ni za kutumika mara moja, nunua mpya.

Baada ya hapo gari lipelekwe kwenye wili alaimenti, na kama vihisishi vya urefu vilifunguliwa, vipangwe upya kwa mashine, hasa ukiwa na taa kubwa za ksenoni zinazojirekebisha. Hii ni kazi ambayo gereji hupenda kuiruka.

Unapoagiza spea, mpelekee muuzaji namba ya chasisi, aina ya injini, na kama gari lako linaendesha magurudumu mawili au manne, kwa kuwa shokapu na springi za TT hutofautiana kwa vigezo hivyo. Mwambie pia akupe namba ya spea kabla hujalipa, uilinganishe na iliyochapwa kwenye shokapu ya zamani pindi fundi atakapoisafisha.