Muulize Mkunga: Je, ng'onda ndiyo iliyoniletea kifafa cha mimba?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 22, naishi Tandahimba. Mwezi wa Novemba mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi minane. Niliumwa kichwa siku mbili, nikaona vimulimuli, kisha nikaanguka degedege. Mtoto nilimpoteza. Mama mkwe anasema nilijitakia, nilikula sana ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, na kushinda nimeinama nikiokota korosho. Nataka kubeba tena. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hukukosea popote.

Ugonjwa huu huanzia kwenye kondo la nyuma, mimba ikiwa bado changa. Kondo likijishikiza, mishipa ya damu ya mji wa mimba inatakiwa itanuke ili damu ipite kwa wingi. Kwa wengine haitanuki vya kutosha. Kondo likikosa damu humwaga kemikali zinazodhuru mishipa ya mama mwili mzima: presha inapanda, figo zinavujisha protini, ubongo unaguswa, ndiyo vile vimulimuli. Kwako hayo yalianza kabla korosho ya kwanza haijaanguka chini.

Na ng'onda? Katika miaka yangu ya wodini hapa Lindi nilimhudumia mwalimu aliyeacha chumvi tangu mwezi wa pili, akala mlenda chukuchuku. Kifafa kilimpata vilevile.

Kwa nini mishipa ya huyu itanuke na ya yule igome, wataalamu bado wanachimba. Walio hatarini zaidi wanajulikana: mimba ya kwanza kama yako, mapacha, wenye presha ya zamani, kisukari au figo, wanene, na ambaye mama au dada yake aliwahi kuugua. Muulize mama yako taratibu; wengi huku kwetu waliambiwa ni mashetani, wakanyamaza.

Aliyeugua mara moja anaweza kuugua tena, kwa hiyo ukikosa siku zako tu, nenda kliniki ueleze yote. Daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo, vizuri kabla ya wiki ya 16, pamoja na kalsiamu. Usijinunulie dukani. Kila hudhurio wapime presha na mkojo. Ikifika 140/90 usikubali kurudi nyumbani bila maelezo. Kichwa kikigoma kupoa, macho yakibadilika, au maumivu yakikukaba chini ya mbavu, ondoka saa hiyohiyo, hata usiku, hata kama umeshajifungua, maana hadi wiki sita baadaye kifafa kinaweza kuja.

Mama mkwe nenda naye kliniki siku ya kwanza. Akae, asikie mwenyewe.