Maswali ya Wasomaji: Mwekezaji Anataka Kusikia Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tumetengeneza programu inayowasaidia wenye maduka ya dawa kufuatilia dawa zinazokaribia kwisha muda wake. Maduka 14 yanaitumia, na 7 kati yake yanalipa ada ya kila mwezi. Tumekutana na wawekezaji watatu tukiwa na wasilisho la slaidi 32. Wote walitusifu, wakasema watawasiliana nasi, kisha kimya. Tunakosea wapi? Na je, tutaje kiasi cha fedha tunachotaka au tumwachie mwekezaji?

JIBU: Ndugu msomaji, habari yenye uzito kuliko zote katika barua yako ni yale maduka 7 yanayolipa, na ninahofia kwamba katika slaidi 32 habari hiyo imezama. Mwekezaji anayeingia mapema anajua kwamba nyingi kati ya kampuni changa anazozipa mtaji hazitafika mbali, na kwamba hesabu za miaka mitano ijayo ni makisio tu. Kwa hiyo hutafuta dalili kwamba tatizo lipo, kwamba wapo watu linaowaumiza kiasi cha kutoa fedha zao, na kwamba waanzilishi wanajifunza upesi kutoka kwa watu hao.

Anzeni, basi, na duka moja. Elezeni mwenye duka alikuwa akitupa dawa za thamani gani kila mwezi kabla ya kutumia programu yenu, sasa anatupa za thamani gani, na anawalipa ninyi kiasi gani. Baada ya hapo zungumzieni yale 7 yasiyolipa kabla hamjaulizwa, kwa sababu mwekezaji makini atauliza tu, na mwanzilishi anayejua hasa kwa nini mteja amekataa kulipa huaminika kuliko anayedai kwamba kila mtu ameipenda bidhaa yake. Ukubwa wa soko nao uhesabiwe kutoka chini: idadi ya maduka mnayoweza kuyafikia, mara ada ya mwaka. Kusema kwamba mtapata asilimia moja tu ya soko kubwa hakumwelezi msikilizaji jinsi mtakavyompata hata mteja wa 15.

Slaidi zipunguzeni. Mwaka 2015 kampuni ya DocSend, ambayo huduma yake humwezesha mtu kutuma nyaraka mtandaoni na kuona zinavyosomwa, ilichapisha uchunguzi wa mawasilisho zaidi ya 200 ya kampuni changa, na wastani wa muda ambao wawekezaji walitumia kusoma wasilisho moja ulikuwa dakika 3 na sekunde 44. Slaidi kumi na kitu zinatosha. Nashauri pia muwe na matoleo mawili, moja lenye maelezo kamili la kutumwa kwa barua pepe, na jingine lenye maneno machache la kuongozea mazungumzo, maana msikilizaji hawezi kusoma aya ndefu huku akiwasikiliza.

Kuhusu fedha, tajeni kiasi, tena bila kigugumizi. Anayesema "chochote mtakachotupa" anaonyesha kwamba hajapanga. Hesabuni matumizi ya kila mwezi, ondoeni humo mapato, kisha tafuteni kiasi kitakachowatosha kwa miezi 18 hivi, kwa kuwa kutafuta mtaji wa awamu inayofuata nako hula miezi mingi. Semeni fedha hizo zitazaa nini: kwa mfano, maduka 150 yanayolipa. Mkitaja thamani ya kampuni, bainisheni kama ni kabla au baada ya fedha kuingia. Mkiomba dola 200,000 kwa thamani ya dola 800,000 kabla ya fedha hizo, mwekezaji atapata asilimia 20 ya kampuni. Thamani hiyohiyo ikiwa ni ya baada, atapata asilimia 25. Nimeona maelewano yakiharibika kwa sababu pande mbili zilidhani zinataja kitu kimoja.

Ama ule ukimya, msiondoke kikaoni kabla ya kuuliza mwekezaji angependa kuona nini ili afikie uamuzi, kisha mtumieni taarifa fupi kila mwezi kuhusu jambo hilo. Mwaka 2008 waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi kupitia mtandao, walitafuta dola 150,000. Kati ya wawekezaji 7 waliotambulishwa kwao, 5 walikataa na 2 hawakujibu; baadaye wengine waliwaunga mkono.

SWALI: Je, nimtake mwekezaji asaini mkataba wa kutunza siri kabla ya kumwonyesha wazo langu?

JIBU: Wengi watakataa, kwa kuwa husikiliza mawazo mengi yanayofanana na hawataki kujifunga kwa kila mmoja, na kulisisitiza jambo hilo katika kikao cha kwanza kunaweza kufunga mlango. Eleza tatizo, wateja na matokeo, lakini usiweke kwenye wasilisho msimbo wa programu, kanuni za kiufundi wala majina ya wateja ambao hawajakuruhusu. Ikiwa una uvumbuzi unaotaka kuuombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, muone mwanasheria na uwasilishe ombi kwanza, kwa sababu katika nchi nyingi kuutangaza hadharani kabla ya hapo kunaweza kukupotezea haki hiyo.