Maswali yenu: kupumua baada ya kiharusi cha shina la ubongo

Wengi mlioniandikia mnauguza ndugu aliyefanyiwa oparesheni ya kichwa, halafu kiharusi kikampiga kwenye shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayounganisha ubongo na uti wa mgongo.

Swali: Dada, mama akiwa macho anapumua vizuri tu, akilala pumzi inakata mpaka namtikisa. Kwa nini?

Akiwa macho anaweza kuvuta hewa kwa kutaka mwenyewe, ila akishalala kazi yote inaachiwa shina la ubongo na hapo ndipo palipoumia, kwa hiyo amri ya kuvuta pumzi inachelewa au haiji kabisa. Hilo usilisubirishe kliniki jamani, mpeleke hospitali leo hii, huenda akahitaji mashine ya kumsaidia usiku. Na usimpe dawa ya usingizi bila daktari kujua, inazidi kuizima hiyo amri.

Swali: Kifaa cha kidoleni kinasoma 96, mbona daktari bado ana wasiwasi?

Kile kinapima oksijeni tu, hewa chafu, yaani kabonidayoksaidi, hakiioni. Mgonjwa anayevuta pumzi fupi fupi ukimwekea oksijeni namba inapanda huku kabonidayoksaidi inajaa kwenye damu, anaamka kichwa kinamuuma, mchana anasinzia sinzia, anachanganya maneno. Ndiyo maana wanamtoa damu kwenye ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, waipime hiyo hewa chafu.

Swali: Baba ametobolewa shingo akawekewa bomba la kupumulia, makohozi yanaliziba. Tufanyeje?

Sikiliza kwanza. Ukisikia linakoroma ndo unyonye kwa mashine ya kunyonya makohozi, sio kwa kufuata saa. Ingiza mrija bila kunyonya, nyonya ukiwa unautoa, sekunde 10 hadi 15 basi, umwache apumue kabla ya kurudia. Makohozi yakivutika kama gundi ujue hewa anayovuta ni kavu maana haipiti tena puani ikalowana, mwombe nesi kifaa cha kulainisha hewa. Likiziba kabisa toa kile kibomba cha ndani kama kipo, na mwenzako awe ameshaita ambulensi.

Swali: Analilia maji, tumpe?

Usimpe kabla hajapimwa kumeza, najua inauma kumnyima. Anaweza kupaliwa kimya kimya bila hata kikohozi, maji yakaenda mapafuni akapata nimonia. Msafishe kinywa, mnyanyulie kichwa cha kitanda.

Swali: Mashine ya kupumulia ataachana nayo lini?

Siwezi kukutajia siku. Huwa wanaanza kumwachisha mchana, dakika chache, baadaye masaa, usiku ndo unakuwa wa mwisho.