Nimfukizie mwanangu maji ya chumvi ya kuchemsha?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 8, aliugua TB akapona ila kikohozi cha makohozi hakijawahi kuisha, wakampiga picha ya CT ya kifua wakasema njia za hewa zimetanuka zimeharibika, nikaandikiwa nebulaiza na maji ya chumvi ya asilimia 3. Jirani anasema nisipoteze hela, nichemshe maji nitie chumvi nimfunike shuka avute. Si kitu kilekile? Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba mama, pole sana na mtoto. Sio kitu kilekile hata kidogo, na hiyo sufuria naomba uiache kabisa. Maji yakichemka kinachopanda ni mvuke mtupu, chumvi inabaki chini, ndivyo wazee wa Uvinza kule Kigoma walivyokuwa wakipika chumvi yao, kwa hiyo mtoto anavuta joto tu na watoto wanaungua vibaya sana hivyo. Nebulaiza inayageuza maji kuwa ukungu wa matone madogo mno, yanashuka na chumvi yake mpaka ndani ya mapafu, chumvi inavuta maji, makohozi yaliyoganda yanalainika, anakohoa yanatoka. Yakibaki ndo bakteria wanazaliana humo na kifua kinazidi kuharibika.

Ushahidi mzuri zaidi umetoka kwa wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito: utafiti wa Australia wa 2006 uliwapa maji ya asilimia 7, mara mbili ya chumvi ya baharini, asubuhi na jioni kwa wiki 48, vipindi vya kuzidiwa vikapungua. Kwa watoto kama wako ushahidi ni mdogo zaidi, ila madaktari wengi wanaitumia tiba hii na mimi naona inafaa kujaribiwa, lakini dozi ya kwanza apewe hospitali wakimwangalia maana chumvi inaweza kubana kifua, hasa mwenye asili ya pumu.

Nyumbani anza na salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, kwa spesa, ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, subiri kama dakika 15, ndo umpe ukungu, halafu yale mazoezi ya kifua mliyofundishwa, usiyaruke hata siku moja jamani, maana makohozi yakishalainika lazima yatolewe. Kukohoa wakati anavuta ni kawaida. Akianza kubanwa au kupiga miluzi, zima mashine, mpe salbutamol, asipotulia mkimbize hospitali.

Tumia vichupa vilivyofungwa vya dukani, usichanganye mwenyewe. Kikombe na maski vioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumia, vichemshwe kama maelekezo ya mashine yanaruhusu, vikauke kabisa.